Kaseti za Kwaya na Kompyuta Ndogo ya Sebuleni

Mwezi huu tunaweka kando habari za kliniki na uji wa lishe, ili tujibu swali ambalo wengi wenu mmetuuliza tangu msimu wa kahawa. Zile kaseti za kwaya zilizojaa kabatini tuzifanyeje? Na je, inawezekana nyumba nzima isikilize nyimbo kwenye simu bila kununua bando kila asubuhi?

Inawezekana. Lakini tuanze na kaseti, maana hizo hazitungoji.

Hapa kwetu Mpepai, kama ilivyo katika milima mingi ya Mbinga, unyevu ni mwingi, na ukungu unaoota ukutani huota pia kwenye utepe. Redio kaseti nzima ni za kutafuta kwa tochi, na fundi aliyekuwa akizibadilishia mikanda sasa anauza kava za simu. Waimbaji wa miaka ile nao wanazidi kupungua. Wapo watoto katika vigango vyetu ambao sauti ya bibi yao imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kaseti ya dakika 60 iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, "Pasaka 1991". Utepe ule ukikatika au ukiliwa na ukungu, hakuna duka la kuuza mwingine.

Chukueni redio kaseti iliyo nzima. Safisheni hedi yake kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti, kisha iacheni ikauke. (Sisi wauguzi hapa tunajiona mafundi.) Upelekeni utepe mbele hadi mwisho, halafu urudisheni, ili ulegee. Kaseti yenye ukungu unaoonekana kwa macho msiicheze kabisa, maana itachafua hedi na kuambukiza nyingine. Itengeni kama tunavyomtenga mwenye surua. Halafu waya mmoja kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, na ikiwa kompyuta haina tundu la kuingizia sauti, kuna kifaa kidogo cha USB cha kazi hiyo. Programu iitwayo Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, itarekodi yote yanayopita.

Hakuna njia ya mkato. Kaseti ya saa moja inarekodiwa kwa saa moja. Sisi tulikuwa na kaseti kama 30, tukawa tunarekodi moja kila jioni wakati maharage yanachemka, na kwa mwezi mmoja tukawa tumezifikia karibu zote.

Sauti ikihifadhiwa kwa mtindo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, kila dakika huchukua kama megabaiti 1. Kaseti 30 za saa moja hazifiki gigabaiti 2. Memori kadi ya gigabaiti 32, hata ukitoa nafasi ya programu zenyewe, hubeba zaidi ya saa 400 za nyimbo. Kabati zima linaingia kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kukipoteza. Wekeni nakala ya pili kwenye flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa katibu wa kwaya.

Sasa seva. Neno linatisha, lakini seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia nyingine. Fikirini chungu kimoja jikoni, kila mmoja anakuja na bakuli lake, ila chakula hiki hakipungui. Kompyuta mpakato ya zamani inatosha. Sisi tunatumia ile ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ambayo ni kubwa kama kadi ya benki na inakula umeme wa wati chache tu. Kijana anayejua kompyuta ataiwekea programu ya Navidrome, ambayo nayo ni ya bure, na kuiunganisha na ruta ya waifai. Baada ya hapo simu yoyote iliyo ndani ya waifai hiyo inaandika anwani ya seva, kwetu ni 192.168.1.50:4533, na orodha ya nyimbo inafunguka. Mwambieni kijana aifunge anwani hiyo kwenye ruta isibadilike, la sivyo kila wiki mtamwita.

Hapa ndipo wengi hawaamini. Ruta hiyo haihitaji intaneti ili nyimbo zisikike. Sauti inatoka sebuleni hadi chumbani, haipiti Dar es Salaam wala Ulaya. Bando linahitajika siku ya kupakua programu tu. Mwaka 2024 kampuni ya Logitech ilifunga huduma yake ya muziki wa mtandaoni, lakini wateja wake waliokuwa na seva nyumbani waliendelea kusikiliza nyimbo zao. Cha kwenu kikikaa kwenu, hakuna wa kukifunga kutoka mbali.

Umeme ndio wa kuangaliwa. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, na hali si ile ya majenereta, lakini umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, kadi inaweza kuharibika. Betri ndogo ya akiba ni bora kuliko majuto.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ni majina. Kompyuta haijui nani anaimba. Usipoiandikia, utapata "wimbo 01" hadi "wimbo 300". Tulikaa na akina mama wa sauti ya kwanza Jumapili tatu, tukisikiliza na kuandika kichwa cha wimbo, mwaka, mpiga kinanda, na nani alianzisha. Walibishana sana. Mama mmoja aliisikia sauti ya marehemu dada yake akakohoa katikati ya shairi, akacheka mpaka akalia, akaomba sehemu ile isikatwe. Hatukuikata.

Lakini mzee mmoja, mjane wa mwimbaji wetu, alituambia hataki kuisikia sauti ya mkewe kwa sasa. Tukauweka wimbo ule katika faili la peke yake, usije ukajichagua wenyewe akiwa amekuja kwetu kunywa chai. Tunawashauri muulize kila familia kabla ya kuweka. Sauti ya marehemu ni ya ndugu zake kwanza.

Na nyimbo za kwaya nyingine, nunueni. Kuhamisha kaseti yako mwenyewe usikilize nyumbani ni jambo moja. Kuzidurufu na kuziuza stendi ni jambo jingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalikataza. Waifai yenu iwe na nywila.

Neno moja la kiuguzi, maana watoto watavaa spika za masikioni. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Hamna kipimo, tunajua. Mtoto akiitwa kwa sauti ya kawaida kutoka hatua moja asiitike, punguzeni.

Kwetu zimebaki kaseti tatu zenye ukungu, zimefungwa ndani ya bahasha kavu pamoja na mchele wa kunyonya unyevu. Moja imeandikwa jina la kigango tu, bila mwaka. Yeyote aliyeimba huko kabla ya 1995 na bado anakumbuka, atuandikie.