Mtungi Ruhusa, Chuma Marufuku

Siku ya kwanza kuingia jimu hapa Kathonzweni, jamaa aliyekuwa amelala kwenye benchi alirudisha chuma chake mahali pake, akakaa, akaniuliza, "Siz, umepotea? Saluni ni mlango unaofuata." Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ndivyo tulivyofunzwa kufanya tukitukanwa kwa upole. Na kweli saluni ilikuwa mlango unaofuata. Nilimpa kijana wa mlangoni shilingi 50, nikavua sweta.

Wewe uliyezoea jimu za Nairobi zenye vioo ukuta mzima na muziki wa kupasua masikio, usiwaze hivyo. Hii yetu ni chumba cha mabati nyuma ya maduka. Vyuma vingine vimenunuliwa, vingine ni saruji iliyomwagwa ndani ya mikebe ya rangi ikakauka na bomba katikati, na vile vizito kabisa ni gia za lori. Kioo ni kimoja, nacho kimepasuka. Ni pazuri. Napapenda, na ndiyo maana naandika haya.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo ilipokwama. Siku hizi naandika kazi za mtandaoni, saa nane kwa siku juu ya kiti cha plastiki, hadi mgongo ukaanza kuninung'unikia. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonipeleka jimu. Sababu ya pili sikuijua mapema: nilitaka kitu kimoja maishani ambacho nikikitia bidii kinasonga. Wahariri hawajibu barua pepe. Deni la chuo halipungui kwa kuombewa. Lakini kilo 30 za mwezi jana zikawa 35 mwezi huu, na kilo tano hizo hakuna mtu anayeweza kunidanganya kuzihusu.

Mwezi wa tatu, mwenye jimu akaniita kando. "Madam, usichukulie vibaya. Vijana wanalalamika. Unawatoa kwa mazoezi. Si ukuje saa nne asubuhi, wakiwa kazini?"

Kosa langu lilikuwa nini? Kuchuchumaa na chuma mabegani, nikiwa nimevaa suruali ya mazoezi na tisheti ya kakangu. Nikamwambia, "Bosi, saa nne asubuhi hata mimi niko kazini." Akaniangalia kama mtu aliyesikia kuku akisema ana mkutano.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, nimekasirika hadi masikio yamewaka. Njiani nikapishana na wamama wanne wakipanda kutoka mtoni, kule wanakofukua mchanga ndipo wapate maji. Kila mmoja alikuwa na mtungi wa lita 20 mgongoni, mukwa umekaza kwenye paji la uso, shingo imesimama kama nguzo. Vijana wawili wa ile jimu walikuwa wameegemea nduthi zao kando ya barabara. Wakasogea kidogo, wakaamkua kwa heshima, wakaendelea na stori zao. Hakuna aliyewauliza wale wamama kama wamepotea. Hakuna aliyewaonya kwamba watatoka mabega ya kiume.

Tufanye hesabu kidogo. Lita 20 za maji ni kilo 20, hata kabla hujaongeza uzito wa mtungi wenyewe. Chuma kitupu cha Olimpiki cha wanaume, kile kirefu kabla hakijavalishwa kitu, ni kilo 20. Cha wanawake ni kilo 15. Kwa hivyo msichana wa shule ya msingi hapa Ukambani anayetumwa maji na mtungi mkubwa anabeba chuma cha wanaume, kilomita baada ya kilomita, pengine na viatu vya plastiki, na anaambiwa ni mtoto mzuri. Miaka kumi baadaye akiinua uzito uleule mara nane ndani ya chumba cha mabati, mara anakuwa tatizo la nidhamu.

Wanasayansi walishatupima, tena zamani. Mwaka wa 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo. Waliopimwa walikuwa Wakikuyu, wanaotumia mkanda wa kichwani kama sisi, na Waluo, wanaotwika utosini. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Baadhi ya mizigo ilifika asilimia 70. Mimi nikisoma hayo nafurahi na kuudhika kwa pamoja. Dunia ilistaajabia jinsi tunavyobeba. Waliostaajabu ni wengi kuliko waliotaka kujua tunapumzika lini.

Na si maji peke yake. Ukipita milima ya Ukambani, yale matuta yanayozuia udongo kuteremka na mvua, mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake wenye majembe na koleo. Mwaka wa 1994 kilitoka kitabu kizima kuhusu ardhi ya iliyokuwa wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, kikieleza jinsi watu walivyoongezeka na mmomonyoko ukapungua. Misuli iliyofanya kazi hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya nyanya zetu. Mtu wa hapa akiniambia kuinua vitu vizito si desturi ya wanawake, nataka kumuuliza shamba lao linashikiliwa na nini.

Kwa hivyo tuache kudanganyana. Shida haijawahi kuwa uzito. Mwanamke wa Makueni anaruhusiwa kubeba chochote: maji, kuni, gunia la ndengu, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Ruhusa inaisha pale mzigo unapokosa wa kumpelekea. Chuma cha jimu hakileti maji jikoni. Hakipiki muthokoi. Nikimaliza seti yangu nakirudisha pale nilipokitoa, na kilichobaki ni mimi, nikiwa na nguvu kidogo kuliko jana. Hapo ndipo roho zinapowauma watu. Nguvu za mwanamke zikiwa za wengine zinaitwa bidii, na zikiwa zake mwenyewe zinaitwa kujionyesha.

Ukilisikiliza kwa sikio hilo, kila onyo ninalopewa pale linajieleza lenyewe.

"Utakuwa na mwili wa mwanaume." Ndugu yangu, wewe umekuja hapa miaka miwili na mikono yako bado inatafuta mwelekeo. Unadhani mimi nitavimba kwa bahati mbaya, ndani ya wiki sita, na homoni ya kujenga misuli niliyo nayo ni chache sana kuliko yako? Lakini hata ningevimba, mwili huu ulikopwa kwako?

"Utashindwa kuzaa." Anayesema hivi mamake alibeba maji akiwa na mimba yake.

"Wacha nikurekebishe kidogo." Huyu ndiye mbaya kuliko wote, maana anakuja na sura ya msaada. Alinishika kiuno nikiwa na kilo 40 mabegani. Sikuweza kumsukuma, sikuweza kugeuka. Nikahesabu hadi mwisho wa seti, nikaweka chuma chini, nikamwambia asinishike tena. Akajibu, "Ona sasa, nyinyi ndio mnafanya watu waogope kuwasaidia." Sijawahi kumwona akimrekebisha mwanaume yeyote kiuno, na wako pale wanaoinua wakiwa wamejipinda kama swali.

"Unatutoa kwa mazoezi." Basi tuseme ukweli: macho ni yako, shingo ni yako, na umekuja mahali pa kujifunza kutawala mwili. Anza na macho.

Najua kuna dada zangu watakaosema jibu ni rahisi: tupewe jimu yetu, au hata hiyo saa nne asubuhi, tukae kwa amani. Siwalaumu. Kuna siku ningelipa mara mbili ili nisiangaliwe. Na kwa anayejisitiri kwa sababu za dini yake, au anayetaka tu utulivu, saa ya wanawake ni jambo jema likiwa la kuongezea. Ikiwa ya kuniondolea saa kumi na mbili jioni, hiyo ni kufukuzwa kwa lugha tamu. Pia tuangalie nani angefika saa nne asubuhi. Si mwalimu, si mwenye duka, si muuguzi, si mama anayeuza mboga. Ni saa iliyowekwa kwa ajili ya mwanamke asiye na kazi, ambaye hapa kwetu hajawahi kuzaliwa.

Pingamizi ninaloliheshimu ni moja, na lilitoka kwa shangazi yangu. Alisema, "Mwana wakwa, wamama wa hapa hawahitaji jimu. Wanahitaji mfereji." Nilinyamaza siku mbili. Ana haki. Tunangoja bwawa la Thwake kule mpakani na Kitui, tunangoja mabomba, tunangoja mvua. Ningeambiwa nichague kati ya mfereji kila boma na jimu moja, ningechagua mfereji kabla hujamaliza swali.

Lakini nani aliyetuwekea chaguo hilo? Vijana wale wana jimu na hawana mfereji, na hakuna shangazi aliyewaambia wangoje maji kwanza. Pili, mzigo wa mtungi na mzigo wa jimu si ndugu. Mtungi hauanzi na lita mbili ukaenda lita tatu. Ni lita 20 tangu uwe mtoto hadi uzeeke, uwe mgonjwa uwe mzima, umelala hujalala, kila siku, na wote unavuta shingo ileile. Jimu unachagua uzito. Unaanza mdogo, unaongeza kidogo, unapumzika siku moja mwili ujijenge. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima, mwanamke na mwanaume, afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mifupa nayo inafaidika, na sisi wanawake ndio tunaoipoteza zaidi tukizeeka. Kubeba kwa lazima kunamchosha mtu. Kuinua kwa mpango kunamjenga. Anayesema mama wa mtungi tayari anafanya mazoezi hajawahi kuona shingo ya mamangu.

Mwaitu hawezi tena kugeuza kichwa. Ukimwita kutoka nyuma anageuka mwili mzima, kama mlango. Zahanati walimpa dawa za maumivu wakamwambia apunguze kazi nzito. Alirudi nyumbani akapitia mtoni.

Wanawake walisubiri sana mlango huu. Kuinua vyuma kulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens, mwaka wa 1896. Wanawake waliruhusiwa mwaka wa 2000, Sydney. Miaka 104. Na mwaka wa 2021 Hidilyn Diaz wa Ufilipino aliinua jumla ya kilo 224 Tokyo akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Kabla ya hapo, korona ilipomfungia Malaysia bila jimu, alifanya mazoezi kwa kutundika madumu ya maji kwenye mti wa mwanzi. Niliona picha hiyo nikaiangalia muda mrefu. Maji yaleyale. Tofauti ni kwamba yeye aliyabeba kwa ajili yake, na mwisho wa siku nchi nzima ikapiga makofi.

Mimi sitaki makofi. Nataka vitu vitatu, na mwenye jimu akisoma haya atajijua. Aandike ukutani kwamba hakuna kumshika mtu bila ruhusa, na asimamie anachokiandika. Aache kuniletea malalamiko ya vijana na awapelekee wao yangu. Na shilingi 50 zangu zihesabiwe sawa na za wengine, saa yoyote mlango ukiwa wazi.

Mwezi uliopita nilibeba mikebe miwili ya saruji nyumbani, ya kilo tano tano, nijifanyie mazoezi asubuhi. Mwaitu akanikuta nayo uani. Akainua mmoja, akaupima mkononi kama anayenunua boga. "Ni mwepesi," akasema. "Unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote, Mwaitu. Nauinua, nauweka chini."

"Halafu?"

"Halafu napumzika."

Alinitazama sana. Nikangoja anicheke. Badala yake akavuta kigoda, akakaa, akauinua tena polepole, mara moja, mbili, tatu, hadi sita. Akauweka chini. Siku hiyo maji nilienda kuchota mimi.

Sasa anafanya mara mbili kwa wiki, akiwa amefunga mlango wa ua ili majirani wasimwone. Hilo ndilo linaloniuma. Mwanamke aliyebeba maji miaka 40 mbele ya kijiji kizima anajificha kuinua kilo tano.

Kesho ni Jumanne. Saa kumi na mbili jioni nitakuwa pale nyuma ya maduka, na shilingi 50 ninazo.