UCHAMBUZI: Kubadili usukani wa gari bila ukaguzi ni kucheza na roho za watu

MWAKA 2025, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ilipoweka mbele ya umma rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, mazungumzo mengi yalizunguka ada na ratiba: magari ya kibinafsi yatakaguliwa mara ngapi, na kwa gharama ya nani. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, lipo swali zito zaidi: mkaguzi akishaingia chini ya gari, atatafuta nini?

Swali hili linahusu hasa magari ya kasi yaliyofanyiwa mabadiliko. Katika miji ya Kenya, Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution na mengine ya aina hiyo yaliyotumika Japani yamekuwa fahari ya vijana. Baadhi hayakai kama yalivyotoka kiwandani. Huinamishwa, hufungwa ekzosi yenye mngurumo na injini zake huongezwa nguvu. Ekzosi humfichua mwenyewe, kwani askari wa trafiki huisikia kutoka mbali. Badiliko linalogusa uhai wa watu kwa karibu zaidi ni lile lisilosikika: kuharakisha mwitikio wa usukani, ili gari ligeuke pindi mkono unapocheza.

Huenda msomaji aliyeko Mbwajumali, kisiwani Pate, akauliza hayo yanamhusu nini, ilhali kwao usafiri ni wa boti, punda na pikipiki. Yanamhusu. Akitaka kufika Mombasa huvuka bahari hadi Mokowe, kisha huishika barabara ya Lamu-Witu-Garsen. Barabara hiyo, iliyokuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi, imewekwa lami, na lami huleta kasi. Abiria wa basi huwa ameyaweka maisha yake mikononi mwa kila dereva anayekuja kutoka upande wa pili, wala hajui ni nini kimefungwa chini ya gari lile.

Isitoshe, watu wa pwani ndio waliolipa gari neno hili. Usukani ulikuwa wa jahazi na mashua kabla ya kuwa wa gari. Nahodha wa Lamu anajua kwamba usukani haufanyi kazi peke yake. Hutegemea tanga, shehena, mkondo wa maji na kasi ya chombo. Boti ya mashine ikiwa mbioni, kisha mshika usukani akaukata ghafla, chombo hulala ubavu na huenda kikapinduka. Kikienda polepole, mkato huo huo hauna madhara. Gari nalo lina kanuni iyo hiyo.

Hesabu ya digrii

Chini ya usukani wa magari mengi ya leo kuna reki, yaani chuma chenye meno kinachosukumwa kulia au kushoto na kigurudumu kidogo, nacho cha meno, kilichoko mwisho wa nguzo ya usukani. Reki ndiyo inayogeuza magurudumu ya mbele. Wahandisi hupima ukali wa usukani kwa uwiano: ni digrii ngapi za usukani zinazoleta digrii moja ya gurudumu. Kwa magari mengi ya kawaida, uwiano huo ni kati ya 14 na 18 kwa 1. Subaru WRX STI ya mwaka 2015 ilitoka kiwandani ikiwa na 13 kwa 1.

Tuchukue gari lenye uwiano wa 16 kwa 1, kisha mwenyewe alifungie reki ya 12 kwa 1. Dereva akizungusha usukani digrii 12, awali magurudumu yaligeuka robo tatu ya digrii. Sasa yatageuka digrii nzima. Hilo ni ongezeko la thuluthi moja. Katika kona za mjini ni raha tupu, kwani mikono haina haja ya kupishana. Lakini kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari hukata takriban mita 28 kila sekunde. Hapo chafya, shimo au mshtuko wa kumwona mbuzi barabarani huliyumbisha gari kuliko dereva alivyokusudia. Reki mpya haibagui kati ya kusudi na kosa. Vyote viwili huvizidisha.

Reki si njia pekee. Wapo wanaofunga usukani mdogo. Huu hupunguza mwendo wa mikono lakini huongeza nguvu inayohitajika kuuzungusha, na usukani wa awali uking'olewa, mfuko wa hewa unaomkinga dereva huondoka nao. Wapo wanaotoa bushi za mpira laini na kuweka ngumu. Wengine huagiza magurudumu ya mbele yaelekezwe nje kidogo, ili gari liingie kona kwa wepesi. Gari hilo hukosa utulivu kwenye barabara iliyonyooka na hula tairi upande wa ndani. Wengine hukaza upande wa nyuma, na siku ya mvua mkia wa gari huteleza kabla dereva hajajua kinachotokea.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo haramu kwa asili yake. Tatizo ni kubadili kiungo kimoja na kuviacha vingine. Kiwanda huchagua uwiano wa usukani pamoja na upana wa tairi, ugumu wa springi, uzito wa gari na uwezo wa breki. Fundi anayegusa kimoja ameyagusa yote, apende asipende.

Funzo la Safari Rally

Watetezi wa mabadiliko haya hawakosi kutaja Safari Rally. Hoja yao ina mashiko. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953 ndiyo yaliyompa Joginder Singh ushindi mara tatu, na ndiyo yaliyoifanya Subaru Impreza kuwa jina la nyumbani pale Colin McRae aliposhinda nayo mwaka 1997. Yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha, yaliamsha upya mapenzi ya vijana kwa magari hayo.

Magari ya mbio yana usukani mkali, ni kweli. Lakini yana pia fremu ya chuma inayozuia paa kubonyea, mikanda inayomfunga dereva mabegani na kiunoni, na tairi zilizochaguliwa kwa ardhi ile ile. Hukaguliwa kabla ya kuanza, na mafundi huyapitia kila yanaporudi kambini. Katika vipande vya kushindania, barabara hufungwa kwa umma. Kijana anayenunua reki hununua sehemu moja tu ya mpangilio huo, kisha anaingia nayo kwenye barabara yenye watoto wa shule.

Sheria yenye mwanya

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na viungo vyake viwe katika hali isiyohatarisha watu. Marekebisho ya mwaka 2012 yaliyaweka chini ya ukaguzi magari yote yenye umri wa zaidi ya miaka minne tangu kuundwa, ila utekelezaji umeelemea magari ya abiria na ya biashara. Ikumbukwe kwamba Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa hadi miaka minane. Maana yake ni kuwa mengi huwa yamekwisha kuuvuka umri huo siku yanapotua bandarini. Hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, naam, lakini mabadiliko hufanywa baadaye, gereji. Hati ya usajili hutaja rangi, namba ya injini na ya chesisi, haitaji reki.

Itakuwa uzushi kudai kwamba reki zilizobadilishwa ndizo zinazoua wengi. Kati ya mwaka 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki kila mwaka katika barabara za Kenya, na walioongoza kwa vifo walikuwa watembea kwa miguu, wakifuatwa na watu wa pikipiki. Lakini takwimu hizo zinathibitisha jambo moja: anayelipia kosa la dereva mara nyingi si dereva.

Kupiga marufuku si suluhisho, kwani kutaisukuma kazi hii vichochoroni. Ujerumani inatoa mfano mwema. Huko badiliko kama hili hukaguliwa na wataalamu wa mashirika kama TÜV, na likipita huingizwa katika hati za gari. Kenya inaweza kufuata njia hiyo: kila badiliko la usukani, breki au springi liidhinishwe na mhandisi aliyesajiliwa, liandikwe katika kumbukumbu za NTSA, na kampuni ya bima iarifiwe. Vyuo vya ufundi navyo viifundishe kazi hii waziwazi, na kaunti zitenge viwanja ambamo vijana wataweza kushindana bila kuhatarisha wapita njia.

Kwa mwenye gari, lipo la kufanya kabla ya kutoa pesa. Usukani unaochelewa kuitikia mara nyingi ni usukani mgonjwa. Tairi zenye upepo mdogo, bushi zilizokatika, ncha za tairodi zilizolegea na magurudumu yasiyopangwa sawa hulifanya gari zuri lionekane zembe. Kuyarekebisha hayo ni nafuu kuliko reki mpya, na mara nyingi hurudisha ule ukali ambao mwenyewe alidhani hakuwa nao tangu awali.

Rasimu za ukaguzi zitakuwa na maana iwapo zitamtuma mkaguzi chini ya gari na si kwenye taa na stika pekee. La sivyo, mwanya utabaki pale pale, na wahenga walikwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika barabara zetu, ukingoni ndipo wanapopita wanaotembea kwa miguu.