Barua kutoka ughaibuni: mapambo ya Noeli ya nje kwa vitu vilivyotupwa



Mapambo ya nje huanza na ukuta, na ukuta wa Goma ni mweusi. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 17, 2002 ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likiwemo, na watu waliporudi walijenga juu ya lava ile ile, kwa mawe yake yale yale. Mawe hayo ndiyo yanayoamua rangi. Kijani kibichi na nyekundu iliyokolea, rangi ambazo Wazungu wamezifanya rangi za Noeli, humezwa na weusi wake. Ukisimama barabarani huoni kitu. Kinachoonekana ni nyeupe, manjano na fedha. Upande mwingine jiwe la lava ni rafiki wa fundi: limejaa vitundu, na waya mwembamba hupenya humo ukashika bila msumari. Msumari wenyewe hupinda tu.

Jambo la pili ni mwanga. Brussels, mwishoni mwa Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na hata mchana mbingu huwa ya kijivu. Ndiyo maana mapambo ya huko ni taa na taa tena. Goma iko karibu na ikweta. Mwaka mzima mchana ni saa kumi na mbili hivi, na giza huingia mnamo saa kumi na mbili jioni. Wengi wanaopita mbele ya nyumba hupita kungali mwanga. Kwa hiyo pambo la Goma linapaswa kufanya kazi mchana: lirudishe mwanga wa jua, litikisike na upepo wa Ziwa Kivu, liwe na rangi inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Picha za Noeli zinazotumwa kwa simu kutoka Ulaya na Kanada hazisaidii sana hapo, na pamba inayobandikwa dirishani kuigiza theluji hugeuka uchafu wa kijivu kwa mvua ya kwanza.

Desemba bado ni mwezi wa mvua. Kartoni iliyobandikwa kwa uji wa mihogo haimalizi siku mbili nje. Karatasi ya kumeta hupauka. Mkebe wa maziwa ya unga, ambao ndani yake ni fedha tupu na huvutia sana, hushika kutu upesi mahali unapokatwa, kwa sababu pale bati limepoteza ngozi yake. Na moshi wa Nyiragongo, wenye salfa dioksidi, huifanya mvua kuwa na asidi, hata mabati ya nyumba yanalijua hilo. Mikebe ya bia na soda ya aluminiamu huvumilia zaidi, na hukatika kwa mkasi wa kawaida. Chupa za plastiki za soda na maji nazo huvumilia maji na jua kwa wiki nyingi. Magunia ya nailoni ya mchele na unga ni meupe na hupatikana kila sokoni, lakini jua la mji ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi huyachakaza: nyuzi huanza kukatika na kupeperuka. Gunia linafaa kwa majuma mawili au matatu. Likipita hapo linakuwa takataka inayojisambaza yenyewe.

Kwa kila kitu cha nje, kufunga ni bora kuliko kubandika. Waya, kamba na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kama vile vinavyofungia mizigo ya chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma, havijali mvua. Gundi ibaki kwa mapambo ya sebuleni.

Kuokota vitu si kazi ya kuwaachia watoto peke yao. Goma ina hatari ambayo miji mingi haina: mazuku. Hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama katika mabonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Lac Vert na Sake. Haina rangi, na katika shimo lililojaa hewa hiyo mbuzi huanguka akafa, mtoto pia. Mashimo hayo hayo ndiyo watu hupenda kuyafanya jalala. Chupa zitafutwe barabarani, kwenye mabaa, kwa wenye maduka na baada ya harusi, wala si shimoni. Chupa zilizopitia kwa kadhafi anayeuza petroli kando ya barabara ziachwe kabisa, hata zikioshwa kwa sabuni, maana harufu ya petroli iliyobaki ndani ni moto unaosubiri kiberiti. Vivyo hivyo chupa za dawa za kuulia wadudu wa mimea. Waya wa shaba usitolewe kwa kuchoma nyaya: moshi wa plastiki hiyo ni sumu, na wembe unamenya waya huo huo kwa dakika chache.

Chupa ya soda ndiyo kifaa kikuu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Chupa ya maji kwa kawaida ina kitako bapa. Ya soda ina vimiguu vitano, kwa sababu gesi iliyo ndani ingesukuma kitako bapa nje. Ukikata kitako hicho kwa urefu wa vidole viwili na kukigeuza, una ua la petali tano tayari, bila kuchora wala kupima. Petali hukatwa kwa mkasi kufuata mabonde kati ya vimiguu, kisha kingo hupitishwa juu ya mshumaa, mbali kidogo na mwali. Plastiki hiyo hulainika kwenye joto lisilofika hata la maji yanayochemka, ikajikunja yenyewe. Ikianza kutoa moshi, imekaribia moto kupita kiasi. Rangi ipakwe upande wa ndani, ambako mvua haifiki, na katikati patobolewe kwa msumari uliopashwa moto. Tundu hilo ni la waya, na pia ni la kutolea maji: ua lililogeuzwa juu bila tundu ni kikombe, na kikombe kilichosimama na maji ya mvua ni kitalu cha mbu.

Mwili uliobaki hukatwa mzunguko mmoja usiokatika, kuanzia chini kwenda juu, upana wa ukucha. Chupa ya lita moja na nusu hutoa utepe wa mita tano hivi. Ukiushika ncha mbili na kuusokota, hung'aa kila unapogeuka. Tepe kumi zilizoning'inizwa kutoka ukingo wa paa hufanya kazi kubwa kuliko taa mia, ilimradi kuna jua na upepo, na vyote viwili Goma havinunuliwi.

Kuna watu waliokwenda mbali na njia hii. Mwaka 2011 mji wa Kaunas, Lituania, ulisimamisha mti wa Noeli wa chupa za kijani zipatazo 40,000 uwanjani. Lakini mifano iliyo karibu na mkono wa Goma inatoka Afrika. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi viwe mapazia yanayofunika kuta za majumba ya makumbusho. Mwenzake wa Ghana, Serge Attukwei Clottey, hukata madumu ya manjano katika vipande vya mraba na kuvishona kwa waya. Hayo ni madumu yale yale ambayo Goma inayaita bidoni, yanayokuja na mafuta ya kupikia na kumaliza maisha yao yakibeba maji kutoka ziwani.

Bidoni ndiyo rangi ya Goma, na dhidi ya ukuta mweusi hakuna manjano inayoipita. Ila bidoni nzima ni mali. Hakuna mama atakayekubali ikatwe kwa ajili ya nyota. Zinazofaa ni zile zilizopasuka ambazo hata fundi wa kuziba kwa moto amezishindwa. Plastiki yake ni nene na mkasi huteleza, hivyo kisu chenye meno madogo ndicho hutumika, na kingo husuguliwa kwa jiwe la lava lenyewe, ambalo ni tupa isiyo na bei. Vizibo vya bia ya Primus na vya Fanta hutobolewa kwa msumari juu ya ubao, vikapangwa kwenye waya uso kwa uso na mgongo kwa mgongo. Vikigongana kwa upepo hutoa sauti, na hilo ni jambo ambalo taa ya dukani haijawahi kulifanya.

Nyota inastahili muda zaidi kuliko pambo lolote. Nchini Ufilipino familia hutundika nje taa ya nyota iitwayo parol, ambayo asili yake ni mianzi na karatasi, na umbo lake linahamishika kirahisi. Zinahitajika fito kumi za mwanzi au tete zenye urefu sawa. Tano hufungwa kuwa nyota moja bapa, tano nyingine nyota ya pili. Nyota hizo huwekwa moja juu ya nyingine na kufungwa pamoja kwenye ncha zote tano. Kisha vijiti vifupi vitano husukumwa katikati yao, pale fito zinapokutana ndani, ili nyota itune. Bila vijiti hivyo inabaki bapa kama chapati na upepo wa ziwa huivunja usiku mmoja. Badala ya karatasi hutandazwa plastiki ya chupa iliyonyooshwa, au vipande vya mikebe ya aluminiamu vikipishana kama magamba ya samaki, ili maji yateremke bila kuingia.

Mti, kwa kulinganisha, ni rahisi: nguzo iliyoshindiliwa kwenye rundo la mawe, rimu kuukuu za baiskeli au tairi zikipungua ukubwa kwenda juu, na tepe za chupa zikiteremka kutoka kileleni. Kukata mti mchanga kwa wiki mbili za sherehe ni hasara isiyo na sababu katika eneo ambalo makaa tayari yamemaliza misitu mingi ya Virunga. Pango la kuzaliwa Yesu nalo, desturi ambayo husimuliwa kuanzia kwa Mtakatifu Fransisko huko Greccio mwaka 1223, Goma inaweza kulijenga kwa uaminifu zaidi kuliko Ulaya nzima, kwa kuwa mawe yapo. Paa la shitingi kuukuu, sanamu za maganda ya mahindi zilizovikwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi wa nguo, na badala ya gari la theluji la Baba Noeli, chukudu ndogo ya mbao iliyopakiwa viazi na makaa. Watoto watacheka, kisha watataka kuisukuma.

Usiku, taa zihesabiwe kwa uangalifu. Mkebe uliotobolewa matundu ni taa nzuri: hujazwa kwanza mchanga mbichi ulioshindiliwa, ili usibonyee msumari unapopigwa, halafu mchanga humwagwa na mshumaa huwekwa chini. Mahali pake ni juu ya ukuta wa mawe au chini kwenye lava, wala si kwenye nyumba ya mbao. Katika kartiye kama Birere na Majengo mbao zimebanana kiasi kwamba moto wa chumba kimoja huwa moto wa mtaa. Mshumaa usiwekwe ndani ya chupa ya plastiki kwa hali yoyote.

Hapo jamaa walio ughaibuni hukosea kwa nia njema. Hutuma mafungu ya taa za umeme za ndani, nyaya zake nyembamba zisizostahimili maji, ambazo mvua ya Goma huzigeuza hatari. Tangu Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki na uwanja wa ndege vikafungwa, kila mzigo umekuwa ghali kuufikisha, na gharama hiyo haistahili kutumika kwa takataka zijazo. Koleo dogo, mkasi wa kukatia bati na taa chache za jua za bustani vina faida zaidi, na baada ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, koleo bado lina kazi.

Kubomoa ni sehemu ya kutengeneza, na kufanyike mapema Januari kabla jua halijaanza kula plastiki. Amri ya serikali ya Kongo ya Desemba 30, 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini, lakini chupa zinaendelea kushuka na mifereji hadi Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo hutokea kusini, Bukavu, kupitia bwawa la Ruzizi, ambako takataka hukwamisha mitambo na umeme hukatika. Aluminiamu na shaba huenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nyota hufunguliwa ncha moja, vijiti vya kati hutolewa, nayo hulala bapa chini ya kitanda hadi mwaka ujao. Vizibo hukunjwa vikiwa kwenye waya wake na kuwekwa ndani ya mkebe. Maua na tepe za chupa hupangwa ndani ya chupa moja kubwa iliyokatwa shingo, na magunia yaliyoanza kutoa nyuzi hukunjwa na kushonwa ndani ya gunia jingine, liwe mto wa kukalia.