Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli la Kenya Kuhusu Mitambo ya Kukodi

Junda, Kisauni, Kaunti ya Mombasa

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Reli la Kenya
Nakala: Mkurugenzi, Idara ya Usalama na Afya Kazini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Barua hii inaliomba Shirika liweke sharti kwamba mtambo wa kukodi usiingie kwenye njia ya reli isipokuwa mwenye mtambo huo awe mwanachama wa chama cha wakodishaji chenye kanuni za usalama zilizoandikwa, na awe na leseni ya Shirika kwa kazi hiyo. Mitambo inayokusudiwa hapa si injini wala mabehewa ya abiria, bali ni winchi, eskaveta, matela na mashine nyinginezo zinazoinua reli na mataruma, kumwaga kokoto na kuchimba mitaro kandokando ya njia, ambazo baadhi yake hufungwa magurudumu ya aina mbili ili ziweze kutembea barabarani na pia relini.

Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linawahusu nini watu wa Junda, wadi ambayo haipitiwi na reli hata moja. Linawahusu kwa sababu miongoni mwa wanaovuka daraja la Nyali alfajiri kwenda kutafuta kibarua Changamwe, Port Reitz na Miritini wamo vijana wa Kisauni, na kibarua ndiye anayesimama chini ya winchi akifunga minyororo, naye hana njia ya kujua kama winchi hiyo imekaguliwa au kama anayeiendesha amefuzu.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa wote walio mahali pa kazi, inataka mashine za kuinulia mizigo zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na inadai kamati ya usalama kila penye wafanyakazi 20 au zaidi. Hata hivyo mtambo wa kukodi hupenya katikati ya masharti hayo, kwa kuwa mkodishaji mdogo mwenye winchi moja, dereva mmoja na taniboi wake hafikii idadi ya kuundiwa kamati, ilhali mkandarasi aliyemkodi humhesabu kuwa mgeni aliyeletwa kwa saa chache. Winchi ina jedwali la mizigo, yaani kibao kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali wa mkono wake, na kadiri mkono unavyonyooshwa ndivyo uzito huo unavyopungua. Kando ya njia inayopitiwa na treni, mtambo ukizunguka mkia wake huweza kuingia katika njia ya pili. Ni nani basi anayemwonyesha dereva huyo mpaka wa mkia huo, na ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia asimame?

Uingereza ilijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 15 Februari 2004, kabla ya mapambazuko, tela lililopakiwa reli chakavu liliponyoka kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, likashuka kilomita kadhaa gizani bila taa wala mtu wa kulizuia, likawavamia wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza njia karibu na kijiji cha Tebay, na wanne kati yao wakafa. Ilibainika kwamba breki zake za haidroliki zilikuwa zimekatizwa kwa makusudi, na kwamba kilichokuwa kikilishikilia tela hilo ni vipande vya mbao vilivyowekwa kama kabari. Mwenye kampuni ya mitambo iliyohusika alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2006, akafungwa. Waliokufa hawakuwa wakifanya kazi na mtambo huo. Walikuwa mbali, chini ya mteremko, wakiendelea na shughuli yao.

Wakodishaji wa nchi hiyo wana chama chao, Rail Plant Association, kilicho ndani ya chama kikubwa cha wakodishaji wa mitambo ya ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1941. Kazi yake ni kuwakutanisha washindani mezani pamoja na mwenye reli ili wakubaliane jinsi ya kupanga uinuaji wa mizigo, kupima breki za matela na kuthibitisha ujuzi wa madereva, kisha makubaliano hayo huandikwa kuwa miongozo. Mwenye reli naye, Network Rail, hudai leseni kutoka kwa kampuni inayosimamia kazi za mitambo hiyo. Ni kweli kwamba chama cha wafanyabiashara kinaweza kugeuka ngao ya kuwalinda wanachama wake, na ndiyo sababu leseni haina budi kubaki mkononi mwa Shirika na ukaguzi mkononi mwa Idara. Faida kubwa ya chama iko kwingine: mkodishaji ambaye mnyororo wake umekatika bila kumjeruhi mtu, tukio liitwalo nusura ajali, atawaeleza wenzake wenye mitambo kama yake mapema zaidi kuliko atakavyomwandikia mkaguzi wa serikali, na mnyororo wa aina hiyo utatolewa kazini kabla haujaua.

Hoja hii ina uzito wa pekee Mombasa kwa sababu ya umbile la nchi. Reli huanza kwenye usawa wa bahari, ikapanda kupitia Miritini hadi Mazeras, na kuendelea mpaka Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo tela litakaloponyoka kwenye mteremko wa Mazeras litashuka kuelekea Changamwe, kwenye makazi na yadi zilizojaa watu. Njia ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 na ile ya zamani zote zinahitaji matengenezo yasiyokoma, na upanuzi unaokusudiwa kufika Malaba utaongeza mitambo ya kukodi.

Shirika linaombwa liwaite wakodishaji wa mitambo, chama cha wafanyakazi wa reli, Idara na Chuo cha Mafunzo ya Reli katika kikao kimoja hapa Mombasa. Liandike sharti la uanachama na leseni katika hati za zabuni zijazo. Na liagize kwamba cheti cha ukaguzi wa kila mtambo kibandikwe kwenye mlango wa dereva, kwa Kiswahili, mahali ambapo kibarua anaweza kukisoma kabla ya kushika mnyororo.