Vergilius alibatizwa lini?

Huku kwetu Burungu kuna Wakristu, na wengine ni makatekista kama sisi, wanaosema ya kwamba hadithi za wazee ni kazi ya shetani. Ati mtoto aliyebatizwa asikae kando ya moto wa babu kusikiliza habari za Mwindo. Tunawauliza jambo moja tu: Vergilius alibatizwa lini?

Maana sisi tuliopita seminari tulifundishwa Kilatini, na humo tulimkuta Vergilius, mshairi wa Roma. Alizaliwa mwaka wa 70 kabla ya Kristu, akafa mwaka wa 19 kabla ya Kristu. Mashairi yake yamejaa miungu, wa bahari, wa upepo, na mke wa mungu mkuu mwenye hasira isiyokwisha. Hakuna padri aliyetuambia tuzibe masikio. Asiyejua somo lile alipata sifuri!

Inasimuliwa kwamba alipokaribia kufa alitaka utenzi wake mkubwa, Aeneis, uchomwe, kwa kuwa haujamalizika. Kaisari Augusto, yule yule wa hesabu ya watu katika Injili ya Luka, alikataa. Baadaye Wakristu waliupokea. Mtakatifu Augustino alipokuwa mtoto alimlilia Dido, malkia wa utenzi huo. Alipokuwa askofu alijilaumu kwa machozi yale, lakini hakuacha kumtaja Vergilius katika vitabu vyake. Watawa walimnakili. Dante alimfanya kiongozi wake katika Jehanamu na Toharani. Hata leo maktaba ya Papa inatunza kitabu chake cha mkono chenye umri wa miaka 1,600 hivi.

Sasa tumtazame Mwindo wa Wanyanga, jirani zetu wa Walikale. Aeneas alishuka kuzimu kumwona baba yake. Mwindo naye alishuka chini ya ardhi kumfuata baba yake Shemwindo, aliyemfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Aeneis inaishia Aeneas akimwua adui aliyeanguka na kuomba huruma. Mwindo alimrudisha baba kijijini, baba akaungama mbele ya watu, mwana akasamehe. Tena Mwindo alipojivuna, Nkuba mwenye radi alimpandisha juu, akateswa na baridi mpaka kiburi kikamtoka. Je, ni nani kati ya hao wawili aliye karibu zaidi na katekisimu yetu?

Watajibu: mna mizimu humo. Ndiyo, imo. Mama akichambua maharagi hutupa mawe, hamwagi sufuria nzima.

Mwindo alipona kwa sababu mwaka wa 1956 Candi Rureke, wa kijiji cha Bese, aliimba, na Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi Wanyanga wakaandika. Kitabu chake na Kahombo Mateene kilitoka mwaka wa 1969, huko Marekani! Lakini nyimbo za wazee Wahunde hapa Masisi, nani anaziandika? Tangu vita vya 1993 wazee hao wamekimbizwa mara ngapi? Wengine wamekufa kambini, na nyimbo zao hazikupata Augusto wa kuzikinga.

Tunawaomba mapadri wetu watangaze jambo hili kanisani. Kijana anayejua kuandika achukue daftari Jumapili baada ya Misa, aende kwa babu yake, aandike kwa Kihunde au Kinyanga kama inavyosemwa, asigeuze neno. Mizimu tutaichambua pamoja siku nyingine, daftari likiwa limejaa.