Visima vya Isaka na gesi ya Mtwara



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, watumishi wa Isaka wanachimba kisima katika bonde la Gerari na kukuta maji. Wachungaji wa pale wanakuja na kudai kuwa maji hayo ni yao. Isaka anakiita kisima hicho Eseki, maana wamegombana naye. Wanachimba cha pili, nacho kinagombaniwa. Anakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakigombaniwi. Anakiita Rehobothi, kwa kuwa Mungu amewapa nafasi.

Nilikikumbuka kisa hiki wiki hii hapa Makorora. Kijana mmoja wa parokia alinisubiri nje ya ofisi baada ya misa ya asubuhi. Amefanya kibarua katika ujenzi wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, na muda wa mkataba wake umekwisha. Aliniuliza: "Baba, bomba likishafukiwa, sisi tunabaki na nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya Mtwara.

Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Miaka 30 baadaye, Serikali ilipoanza mradi wa bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam, wananchi wa Mtwara waliandamana tarehe 27 Desemba 2012 wakisema gesi haitoki. Mwezi uliofuata vurugu zikafika Masasi. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji wa Mtwara ukawaka. Watu walipoteza maisha, majengo yakachomwa, askari wakajaa mitaani.

Nani alikuwa na haki? Serikali ilisema gesi ni ya Watanzania wote, na hilo ni kweli. Nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme, na mitambo ya kuufua pamoja na wateja wakubwa ilikuwa Dar es Salaam. Watu wa Mtwara nao walisema wamechoka kuona mali ikiondoka kabla haijawa kazi. Hilo pia ni kweli. Wameziona korosho zao zikipakiwa ghafi kwenda kubanguliwa India. Sisi wa Tanga, tuliopokea mkonge tangu mwaka 1893 na kuupakia melini kwa miaka mingi, tunaijua lugha hiyo.

Januari 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara akaeleza kwamba gesi itasafishwa hukohuko, ndipo isafirishwe. Kweli, mitambo ikajengwa Madimba, na mingine Songo Songo mkoani Lindi, na bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Lakini maelezo yale yalikuja baada ya maandamano. Mtu anayeelezwa habari za shamba lake baada ya kupiga kelele anajifunza jambo moja: kwamba bila kelele hasikilizwi. Isitoshe, mtambo wa kusafisha kazi yake ni kutenganisha gesi na maji na uchafu. Hauajiri vijana wengi kama viwanda ambavyo watu walikuwa wakiviota.

Hapa naomba nikiri kosa langu. Mwaka ule, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, niliwaombea watu wa Mtwara watulie. Nilihubiri amani kwa ufasaha. Baada ya misa mzee mmoja wa jumuiya alinishika mkono akasema: "Baba Padri, umewaombea watulie. Mbona hukuwaombea wasikilizwe?" Sijalisahau swali hilo. Papa Paulo VI alishatufundisha mwaka 1967, katika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, kwamba amani haitenganishwi na maendeleo. Niliusoma waraka huo seminarini na kuufanyia mtihani, lakini siku ya kuutumia niliusahau.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Mshikamano unatukataza kusema "ni yetu" kana kwamba wengine si ndugu. Auni inawakataza wakubwa kuwaamulia wadogo jambo ambalo wadogo wanaliweza, au kuamua bila wao jambo linalowagusa. Serikali ilishika ya kwanza ikaisahau ya pili. Waandamanaji walishika ya pili, na baadhi yao, walipochoma nyumba za jirani, wakaisahau ya kwanza.

Tanga leo tusijifanye watazamaji. Bomba letu lina urefu wa kilomita 1,443, na linaanzia Hoima, Uganda. Kama watu wa Hoima wangesema mafuta hayatoki, Chongoleani isingekuwa na jiwe la msingi la Agosti 2017. Sisi tunanufaika kwa sababu mali ya wengine imekubali kusafiri. Na wao wanauliza swali lilelile la kijana wangu, ndiyo maana Uganda imepanga pia kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta hukohuko Hoima. Huko Likong'o, Lindi, wananchi waliopisha kiwanda cha kusindika gesi ya bahari kuu wamesubiri miaka mingi. Kabla ya kubishana kiwanda kikae wapi, tuwaulize waliohama wanaishije.

Kijana yule nilimwambia ukweli: ujenzi wa bomba huhitaji maelfu ya watu, kuliendesha huhitaji wachache. Kwa hiyo nafasi yetu haiko ndani ya bomba tu. Iko katika ufundi ambao vijana wataondoka nao, na katika ushuru wa huduma, ambao kampuni hulipa kwa halmashauri na wananchi wana haki ya kujua umefanya nini.

Tumekubaliana kukaa ukumbini parokiani Jumamosi ijayo, pamoja na majirani zetu Waislamu, kuandika maswali matatu ya kumpelekea diwani: vijana wangapi wa hapa wamepata vyeti vya ufundi, ushuru uliolipwa umetumika wapi, na mkutano wa hadhara wa kutusomea hesabu hizo utafanyika lini. Ni maswali ya kawaida. Afadhali yaulizwe leo kwa karatasi na kalamu kuliko kesho kwa mawe.

Isaka hakufika Rehobothi kwa kunyamaza. Aliendelea kuchimba, na Abimeleki alipomjia baadaye, alimuuliza waziwazi kwa nini anamfuata hali alimchukia. Kisha wakala pamoja, na asubuhi wakaapiana amani. Mungu atujalie moyo huo wa kuuliza na kula pamoja. Dominika njema.