Ndama wa Ndovu Si Ndama wa Ng'ombe

Ukame ukibisha hodi, ushauri wa kulea wanyamapori yatima huzagaa, na mwingi wake unaua.

"Maziwa ni maziwa, mpe ya ng'ombe." Hapana. Daphne Sheldrick, aliyelea ndama wa ndovu katika hifadhi ya Tsavo, Kenya, alihangaika miaka na miaka kabla ya kupata mchanganyiko uliowafaa: maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu, yasiyo na mafuta ya ng'ombe, yaliyotiwa mafuta ya nazi. Siri imo kwenye mafuta. Maziwa ya ndovu yamejaa asidi za kapriki na lauriki, na nazi ina lauriki tele. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe ni ya aina nyingine. Ndama wa ndovu akiyanywa huharisha, na mtoto mchanga anayeharisha huishiwa maji upesi. Kifaru naye ana yake: maziwa ya mama yake yana mafuta chini ya asilimia 1, na sukari kuyazidi ya ng'ombe. Ya sungura yana mafuta zaidi ya asilimia 10, sukari kiduchu. Kopo moja litawafaaje wote?

"Mbona kituo cha ndovu yatima cha Reteti wanawapa ndovu maziwa ya mbuzi?" Wanawapa, na wamenawiri. Kituo hicho hununua maziwa kwa kina mama wa Samburu, jambo ambalo mimi nalipenda kuliko kopo lolote la dukani. Lakini hayatoki kiweleni yakaingia chupani: hupashwa moto kuua vijidudu, yakaongezewa virutubisho. Tena yaliyomfaa ndovu si lazima yamfae swala au chui.

"Koroga mazito, apate nguvu." Hapa ndipo wenye huruma huua wengi. Unga wa maziwa ukizidi, usiosagika hubaki utumbuni ukivuta maji kutoka mwilini; mnyama anaharisha huku amekaukiwa. Ukipungua, anashiba maji na kukonda. Pima kwa mizani, kwa maana kijiko cha huyu ni cha kufuta na cha yule kina kilima. Fuata kipimo cha mtengenezaji, koroga mabonge yaishe, mpe yakiwa vuguvugu kama mwili wake. Yaliyobaki chupani, mwaga.

"Analia njaa, anyonye kwanza." Aliyepoa mwili hasagi maziwa. Apashwe joto, apewe maji ya dawa yenye chumvi na sukari, kisha maziwa mepesi yanayoongezwa uzito pole pole. Na asilazwe chali kama mtoto wa binadamu, yasije yakaingia mapafuni.

"Nitamlea mwenyewe nyumbani." Sheria haikuruhusu bila kibali. Kenya, waite KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania, waite TAWA, mamlaka ya wanyamapori, au askari wa hifadhi iliyo karibu. Na ukimkuta mtoto wa digidigi amejilaza peke yake kichakani, usimwokote: mara nyingi mama yake amekwenda kula tu, na atarudi kumnyonyesha.